Kuota si usafi

Uwele ukikataa kuzaa, wa kwanza kulaumiwa ni mvua, kisha kwelea kwelea. Mbegu hushtakiwa mwisho, tena husamehewa upesi: "Mbona iliota yote?" Iliota, ndiyo. Ila iliyoota ni ile uliyonunua?

India wamelima uwele chotara, yaani mbegu inayozaliwa kwa kukutanisha jike wa aina moja na dume wa aina nyingine, tangu aina ya HB-1 ilipotolewa mwaka 1965. Kwenye shamba la mbegu, mara nyingi hupandwa mistari minne ya jike kwa miwili ya dume, mbali na uwele mwingine. Jike huyo hatoi chavua. Lakini ana pacha wake, anayetumika kuzalisha mbegu ya jike huyo, na pacha huyo chavua anayo. Mbegu zao zikichanganyika ghalani, macho hayazitofautishi, na hata shambani majani na urefu ni ule ule. Siri hufichuka siku ya kuchanua.

Ndipo kibarua anapita mistari ya jike asubuhi, mmoja mmoja, akigonga masuke kwa kidole. Likitoka vumbi la njano, mmea hung'olewa na mizizi yake. Kukata suke peke yake hakutoshi, maana uwele huchipua pembeni na machipukizi nayo yatachanua. Akikosa kupita siku mbili, upepo umeshagawa chavua, na uwele ulivyo, suke la jike limekaa wazi likingoja yoyote itakayofika.

Aliyenunua mbegu hiyo ataona katikati ya mimea mirefu vijibilikimo vyenye sura ya mama yao, yule jike. Vimekula mbolea ile ile, vimekunywa maji yale yale, lakini nguvu ya uchotara havina. Na bei ya mfuko haikupunguzwa kwa ajili yao.

Sisemi usafi ni kila kitu. Miaka ya 1970 ugonjwa wa ubwiri unyoya uliwatesa sana Wahindi, na shamba la mimea inayofanana huugua kwa pamoja. Hilo nalo tulikumbuke.

Ninachodai ni kwamba asilimia ya uotaji isiuzwe kama cheti cha usafi. Sampuli ipandwe, ichanue, ihesabiwe, ndipo mzigo utoke. Wauzaji hawapendi, kwa sababu mbegu inalala msimu mzima na hela imelala nayo. Nawaelewa. Siku hizi kipimo cha vinasaba hutoa jibu mapema, basi kitumike.

Huku Dodoma wengi wetu tumezoea mbegu za uwele za Okoa na Shibe, ambazo si chotara: unachagua masuke mazuri, unayatundika juu ya moshi, mwakani unapanda tena. Usafi uko mikononi mwa mama mwenye jiko. Kwa chotara, usafi huo unahamia kwenye shamba ambalo mama huyo hatalitia mguu maisha yake yote, kwa kibarua anayelipwa kwa siku. Malipo yake yakiwa duni, atagonga masuke mangapi?

Nikipanda chotara, nitahesabu vijibilikimo katika mimea 100 hapa, 100 kule, wakati wa kuchanua, na karatasi ya hesabu nitairudisha dukani pamoja na mfuko mtupu.