Mafuta ya mwili hutoka kupitia puani, lakini pumzi siyo inayoyachoma

Mtu akipunguza kilo 10 za mafuta, kilo zile zimekwenda wapi? Wengi hujibu kwamba zimegeuka nguvu, au zimetoka na jasho. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walitoa hesabu yake katika jarida la tiba la BMJ: kilo 8.4 hutoka mapafuni kama hewa ya ukaa, na 1.6 hugeuka maji. Waliwauliza madaktari, wataalamu wa lishe na wakufunzi wa mazoezi 150. Zaidi ya nusu walisema mafuta hugeuka nguvu.

Hesabu hiyo ni sahihi. Mafuta ni kaboni, hidrojeni na oksijeni kidogo, na atomi hazipotei. Yakiachiliwa na seli za mafuta husafiri kwenye damu hadi seli zinazoyahitaji, na humo, ndani ya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nguvu, hukutana na oksijeni tuliyovuta na kugeuka hewa ya ukaa, ambayo ni kaboni na oksijeni, pamoja na maji. Kilo 10 hudai oksijeni kilo 29. Faida ya kulijua hili ni kubwa, maana linawaumbua wanaouza mikanda ya kutoa jasho. Jasho ni maji na chumvi. Ukinywa maji, uzito umerudi.

Ila wapo waliolichukua jibu hilo wakaligeuza dawa: hema kwa nguvu, utapungua. Hapa nasimama na wanaopinga. Pumzi ni mlango tu wa kutokea. Hewa ya ukaa huzalishwa kwa kadiri seli zinavyofanya kazi, na mapafu hayawezi kutoa kaboni ambayo bado imo ndani ya mafuta. Ukihema harakaharaka huku umekaa, unaipunguza tu hewa ya ukaa iliyokuwa damuni. Mishipa ya ubongo hubana, kichwa huzunguka, midomo na vidole hufa ganzi, na unaweza kuzimia. Kitambi kipo palepale.

Tena kaboni unayoitoa huenda si ya akiba yako ya mafuta. Maabara hupima uwiano wa hewa ya ukaa inayotoka na oksijeni inayotumika: ukikaribia 1, mwili unachoma wanga, ukishuka kuelekea 0.7, unachoma mafuta. Lakini hata hayo mafuta yaweza kuwa ya chakula cha mchana. Akiba hupungua pale tu unapotumia zaidi ya unachokula, siku baada ya siku.

Watafiti wale hawakulificha hili. Mtu wa kilo 70 asiyefanya kazi nzito hutoa kama gramu 200 za kaboni kwa siku, na robo ya hizo, au karibu yake, akiwa usingizini. Saa moja ya kukimbia polepole badala ya kupumzika huongeza kama gramu 40 tu, na kula kupita kiasi kidogo tu huzirudisha zote.