Nyumba ya Matugga haina kusi

Mtu wa Tanga hajengi kabla hajajua upepo unatokea wapi. Shuleni hatufundishwi hilo. Mzee anasimama kiwanjani, anageuza uso, anasema "kusi inaingia hapa", na papo hapo mlango wa mbele umeshapata mahali pake. Zile nyumba zetu za Kiswahili, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, zina ukumbi katikati unaotoboa kutoka barazani hadi uani. Ukumbi ule ndio feni ya nyumba. Bibi yangu alikuwa akitandika mkeka pale baada ya adhuhuri na kulala usingizi wa kukoroma, nje jua linakaanga mawe.

Nimeanza na bibi kwa sababu yeye ndiye aliyenikosesha.

Mwaka huu ni wa tisa niko Uganda. Nilikuja kufundisha Kiswahili, nikaoa, nikabaki. Shemeji zangu hunitania kwamba mafuta yao yamepangiwa kwenda kwetu kwa bomba la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, na mimi nimekuja kwa njia ile ile kinyumenyume kuwa malipo ya awali. Sasa tunajenga. Kiwanja kipo Matugga, nje ya Kampala, barabara ya Bombo, futi 50 kwa 100, na hati ni ya mke wangu, maana sheria ya hapa haimruhusu mgeni kumiliki ardhi ila kuikodi, tena kwa miaka isiyozidi 99. Sioni uchungu. Kwetu hata mwenyeji hupewa hati ya miaka 33, 66 au 99.

Fedha ni za mwalimu na mshonaji, zinakuja kidogo kidogo na zinakwenda kwa mkupuo. Ndiyo maana nimekuwa mkali kwa kila kitu kitakachotudai pesa baada ya kuhamia. Nyumba unaijenga mara moja, lakini Yaka, umeme wa kulipia kabla, unainunua kila mwezi mpaka ufe. (Usambazaji wa umeme ulihama kutoka kampuni iitwayo Umeme kwenda UEDCL, shirika la serikali, Aprili 2025, lakini sijamsikia mtu akisema anakwenda kununua kitu kingine. Ni Yaka tu.)

Watu wengi, huku na kwetu, wanaanzia mwisho. Ukisema unataka nyumba isiyokula umeme, wanakuuliza umepata bei gani ya sola. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo huisha kwenye ramani, kabla hujanunua hata tofali, na sehemu hiyo ni bure. Sola ni kwa kilichobaki.

Ramani yangu ya kwanza niliichora mwenyewe kwenye daftari la mazoezi, na bila kujijua nikachora nyumba ya bibi. Ukumbi katikati, matundu ya hewa kila chumba, madirisha yanatazamana, mlango wa mbele na wa nyuma mstari mmoja. Nikampelekea fundi, Mnubi wa Bombo, mzee mwenye Kiswahili cha baba yake aliyekuwa askari. Aliitazama ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mwanangu, hapa unataka kulala ama kukausha samaki?"

"Nataka hewa, mzee."

"Hewa iko. Lakini baridi ya usiku wa huku inaingia mpaka kwa mifupa. Wewe unajenga kwa mtu wa bahari. Mtoto wako ni mtu wa mlima."

Alikuwa na haki. Kampala na viunga vyake viko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 27 au 28, na alfajiri linashuka hadi 17. Tanga usiku haukupi nafuu yoyote, kwa hiyo unaomba upepo saa ishirini na nne. Huku usiku wenyewe unakupoza, na kazi ya nyumba ni kuuweka ule ubaridi mpaka mchana na lile joto mpaka usiku. Ukuta mzito unafanya hivyo. Ukumbi wa bibi, pamoja na heshima zake zote, haufanyi.

Lakini si kwamba majirani zangu wanajenga vizuri kuliko bibi. Nyumba tunayopanga sasa ni ushahidi. Sebule inatazama magharibi kwa sababu barabara iko magharibi, na dirisha la vioo ni pana kama la duka kwa sababu wageni walione kutoka nje. Juu ni mabati matupu, hakuna dari. Kuanzia saa tisa mchana jua linaingia mpaka chini ya kochi. Siku moja ya Februari mke wangu alisahau kopo la majarini mezani; niliporudi saa kumi na moja ilikuwa mafuta ya kula, unaweza kukaangia. Usiku wa siku hiyo hiyo, saa tisa, binti yetu aliamka kutafuta blanketi la pili. Bati tupu lina tabia hiyo: joto linalipokea lote na baridi linaipokea yote, halina kifua cha kuweka siri. Feni tuliyonunua kwa ajili ya sebule ile imekula Yaka ya kutosha kuezekea dari, na mwenye nyumba nilipomwambia alinishauri ninunue feni kubwa.

Basi nikarudi kwenye daftari. Mwezi wa sita mimi na mzee tulichimbia kijiti katikati ya kiwanja tukakaa kivulini tukikitazama, yeye na chai yake ya tangawizi. Kila saa akaweka kijiwe penye ncha ya kivuli. Adhuhuri kivuli kilikuwa kifupi, kimelalia kusini, kwa kuwa hapa karibu na ikweta jua la Juni liko kaskazini yetu, Desemba kinageuka. Lakini asubuhi na jioni vijiwe vilikwenda mbali, magharibi na mashariki. Jua la juu paa linalimudu. Linaloingia ndani na kukaa ni lile la pembeni, la asubuhi na hasa la jioni, ambalo hakuna upenu unaoweza kulizuia.

Kwa hiyo nyumba yetu imelala kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, mita 12 kwa 7. Madirisha makubwa yako kaskazini na kusini. Upande wa magharibi nimepanga bafu na stoo, vyumba ambavyo hakuna anayekaa humo saa kumi jioni. Upenu nimeutoa sentimita 90, na ukipiga hesabu, adhuhuri ya Juni unatia kivuli kama mita 2 za ukuta kushuka chini. Haya yote hayajaongeza hata mfuko mmoja wa saruji, ila mbao na bati kidogo za upenu.

Gharama imekuja kwingine. Nyumba imeipa barabara ubavu, na watu hawapendi. Jirani aliniuliza kwa upole kama mpimaji alikosea. Huku nyumba ni uso wa mtu, lazima itazame barabara. Na sasa kuna hizi ramani za mtandaoni za paa la kujificha nyuma ya ukuta, nyumba kama sanduku la viatu, vioo juu mpaka chini, upenu hakuna. Mvua ya Aprili ikijaa kwenye mfereji uliofichwa inatafuta njia yake, na njia yake ni dari yako. Nimeona tatu zinavuja kwenye mtaa mmoja. Tanga nazo zimefika, nimeziona likizo ya mwisho, kila moja ina viyoyozi viwili vinavyodondosha maji ukutani.

Kwenye ukuta tulibishana na mke wangu wiki nzima. Matofali ya kuchoma ndiyo ya huku. Udongo upo, mafundi wanayajua, na ukuta wake ni mzito, unashika joto vizuri. Lakini kila tanuru ni malori ya kuni, na miti ya kilima cha mbele yetu nimeiona ikiisha kwa macho yangu. Mzee alipendekeza matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, hayachomwi. Kwetu Tanzania nayo yapo, na ajabu ni kwamba kwetu sikuwahi kuyafikiria. Yanashikana yenyewe kwa hiyo saruji ya kujengea inapungua, na uso wake ukiwa safi huhitaji plasta nje.

Shida ni udongo. Mzee alichukua chupa ya maji, akaijaza udongo wetu theluthi moja, maji juu yake, akatikisa na kuiacha kwenye kizingiti cha jirani. Kesho yake ilikuwa imejipanga kama keki: mchanga chini, vumbi katikati, udongo wa mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa mwingi mno, tofali likikauka linapasuka. Wetu ulihitaji kuongezewa mchanga. Tukachimbia palepale tutakapoweka shimo la choo, juu tukaondoa ule udongo mweusi wa shamba ambao mke wangu aliuhamishia migombani, na vijana wawili wakashindilia kwa wiki tatu. Tuliyafunika kwa majani ya migomba na kuyanyeshea. Yaliyovunjika hayakuwa machache. Kundi la kwanza tuliharakisha, tukayapanga juani yakapasuka midomo, na kosa hilo lilikuwa langu, si la mzee.

Jikoni ndiko penye moto hasa. Matoke yanapikwa kwa mvuke ndani ya majani kwa saa kadhaa, na sigiri ya mkaa haichoki. Lakini mkaa umepanda, na tangu Mei 2023 Rais Museveni alipopiga marufuku biashara ya mkaa wa kaskazini, kila muuzaji ana hadithi yake ya kwa nini gunia limepungua. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bei ya umeme wa nyumbani ina ngazi. Uniti 15 za mwanzo za mwezi ni rahisi, halafu inapanda, lakini ukivuka 80, uniti za 81 hadi 150 zilipangiwa bei ya kupikia, shilingi 412, karibu nusu ya ile ya katikati. Kwa hiyo maharage yetu na makongoro yanakwenda kwenye sufuria ya umeme ya presha. Matoke yamebaki kwenye sigiri, jiko la nje, upande wa upepo. Mke wangu alisema hilo halijadiliwi, na mimi ambaye kwetu wali usiotiwa nazi tunauita wali wa mgonjwa ni nani wa kumjadili mtu chakula chake?

Hita ya bafu ya kuchemsha papo hapo nimeikataa. Inavuta zaidi ya kilowati 3 ili mtu mmoja aimbe. Tumepitisha mabomba ukutani tayari kwa hita ya jua, na mrija wa nyaya umepanda hadi kwenye paa kusubiri paneli. Vyenyewe tutanunua tukipata. Kupitisha bomba leo ni bei ya bomba. Kulipitisha baadaye ni bei ya bomba, plasta, rangi na ugomvi. Maji nayo: paa la mita 100 za mraba hukupa lita 100 kwa kila milimita ya mvua, na huku milimita zinapita 1,000 kwa mwaka. Tenki likiwekwa juu ya jukwaa chini kidogo ya mfereji wa paa, maji yanashuka bombani yenyewe, hakuna pampu.

Tulichokata ni chumba cha wageni na uzio wa matofali. Nikiwa mkweli, uzio ndio ulioniuma kukata, kwani nimeishi hapa vya kutosha kuambukizwa. Kwetu tunajenga kwa kuogopa joto, huku wanajenga kwa kuogopa mwizi: ukuta mrefu, chupa zilizovunjwa juu, taa nne zinawaka nje usiku kucha, na ndani dirisha dogo halafu feni. Tumepanda michongoma. Na nimeweka baraza, ndogo, upande wa kaskazini. Mama alipopiga simu aliuliza hilo kabla ya kuuliza vyumba vingapi.

Sasa kuta ziko kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na mjadala umehamia juu. Mimi nataka bati la geji 28, jeupe, na dari chini yake lenye matundu ya kutolea joto kwenye pembe za paa. Kaka wa mke wangu anataka maruni iliyoiva.

"Muko," akaniambia, yaani shemeji, "bati jeupe ni la shule ya msingi. Watu watakuja kuandikisha watoto."

Sikubishana. Niliomba vipande viwili vya sampuli dukani, cheupe na cha maruni, nikavilaza juu ya ukuta wa stoo tangu asubuhi. Jumapili alipokuja, saa nane mchana, nikamwambia aweke kiganja kwenye cheupe. Akaweka, akatulia. Nikamwambia aweke kwenye kile cha pili.

Aliupulizia mkono wake kwa muda, akaangalia paa la jirani, akaangalia la kwetu ambalo bado halipo.

"Sawa," akasema. "Lakini geti tutalipaka maruni."

Geti hatuna. Nimeandika maruni, lita 4, chini kabisa ya orodha.