Koyote Mwenye Koti

Lama, yule mnyama wa Amerika Kusini wa ukoo wa ngamia, ana akili, ila akishaamua kwamba wewe ni koyote, hakuna kitambulisho utakachomwonyesha akabadili mawazo. Ushahidi ninao. Ni koti, limefuliwa hadi rangi imepauka, na bado haliruhusiwi kuingia ndani ya nyumba.

Nilikuwa Marekani, jimbo la Montana, upande wa mashariki, ng'ambo huko ya Miles City, kwenye ranchi ya kondoo. Nilikwenda kwa mafunzo ya ufugaji. Kule ni nyasi mpaka macho yachoke: nyasi, vichaka vya kijivu vinavyonuka dawa, uzio, na upepo usio na kituo. Aprili kondoo wanazaa na theluji inarudi ikijisikia. Na kondoo wakizaa, koyote hawakosi. Huyu ni wa ukoo mmoja na mbweha wetu, mkubwa kidogo, na mwana-kondoo kwake si kazi. Anamshika kooni, basi.

Asubuhi moja tukakuta wawili wamelala hivyo. Mzee mwenye ranchi akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akasema, "Kesho tunatega."

Nikamwambia kutega kwetu ni jambo la damu. Mjomba wangu kule Kondoa alikuwa akitega kwale na sungura kwa kamba za katani, na sifa zake zilivuka kijiji. Kwamba nilichomwona akinasa kwa macho yangu ni jogoo wa jirani tu, hilo sikuona haja ya kulitafsiri.

Vitanzi vyao si vya katani. Ni waya wa chuma uliosokotwa, mwembamba, una kifungio kinachoteleza upande mmoja tu: ukivuta unabana, ukivuta tena unabana zaidi. Serengeti ukikutwa na waya wa namna hiyo utaeleza vizuri umetoka wapi nao. Kule unauzwa duka la pembejeo, rafu ya jirani na kahawa. Kwanza tukavichemsha kwenye sufuria kuukuu pamoja na magadi, yale yale ya kulainishia maharage, ili mng'ao uishe na mafuta ya kiwandani yatoke. Baada ya hapo hakuna kugusa bila glavu, maana koyote akisikia harufu ya binadamu anapita pembeni.

Kila kitanzi kilikuwa na kibati chenye jina la mzee. Na kila kifungio kilikuwa na kipande dhaifu kilichopimwa kukatika mvuto ukizidi ratili 350, karibu kilo 160. Nikauliza kwa nini. "Ng'ombe wa jirani akiingiza mguu," akasema mzee, "akivuta anajifungua, anaondoka zake. Koyote hawezi." Nikaona ni watu wenye utu.

Sasa, utadhani kutega kwenye mbuga tupu ni kubahatisha, kwa sababu mnyama ana njia elfu. Si kweli. Nyika haina mlango, lakini uzio unao. Koyote anayeweza kuruka hupenda kupita chini, na akishapata tundu moja hulitumia yeye na ukoo wake. Unatembea kando ya seng'enge ukiangalia chini: udongo uliolainika kwa matumbo, na unyoya mmoja au miwili imenasa kwenye mwiba wa waya. Hapo ndipo unaweka kitanzi. Cha njiani kwenye majani marefu kina upana wa kama sentimita 30 na kinaning'inia juu kidogo ya kifundo cha mguu wako. Cha chini ya uzio ni kidogo zaidi na kiko karibu na ardhi. Mzee alikuwa na msisitizo mmoja: "Ukimaliza, lala chini, kitazame kwa jicho la koyote."

Mnikumbuke nilivyovaa siku hiyo. Koti lilikuwa la mtumba, nilinunua mjini Billings, la kijivu, kofia yake imezungushiwa manyoya manene ya kukinga uso na upepo. Manyoya ya nini, muuzaji hakusema nami sikuuliza. Mfukoni nilikuwa na chupa ya mkojo wa koyote, kitu kinachouzwa kihalali kabisa kama siki, cha kumvutia mnyama asimame anuse. Kizibo chake kilikuwa kimechoka na kazi. Kufikia tundu la tatu nilikuwa na upande mmoja wa koti umelowa, na harufu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuizoea.

Nikatega. Nikapiga magoti, nikavuta kofia kichwani kwa sababu ya upepo, nikalala kifudifudi, nikasogea kwa viwiko nikinusanusa kuelekea tundu, kwa jicho la koyote.

Aliyekuwa nyuma yangu, pamoja na kondoo wake, alikuwa Sherifu.

Sherifu ni lama. Wafugaji wengi wa kondoo huko huweka lama mmoja dume aliyehasiwa katikati ya kundi. Mmoja tu, kwa sababu wakiwa wengi wanapiga soga wenyewe kwa wenyewe na kuwasahau kondoo. Huyo mmoja, akikosa ndugu, anawafanya kondoo ndiyo ukoo wake, na chochote cha jamii ya mbwa anakichukia toka moyoni. Nilikuwa nimemlisha kwa mkono wangu siku nyingi. Tulikuwa tunaheshimiana.

Nikasikia sauti ambayo sitaki kuisikia tena: kicheko chenye kutu, cha juu, kinachokatika-katika. Nikageuza kichwa. Sherifu anakuja, masikio yamelala nyuma, kondoo wote wamejipanga nyuma yake kama mashahidi.

Kusimama nikaonekana mtu ndilo lililokuwa jambo la busara. Mwili wangu haukushauriana nami. Ulipiga mbizi kwenye tundu la karibu zaidi, na tundu la karibu zaidi lilikuwa lile nililolitega dakika moja iliyopita.

Mkono wa kushoto ulitangulia. Kitanzi kikapita juu ya glavu, kikapanda, kikabana juu ya kiwiko, juu ya koti, kimya na kwa ustadi. Mabega yakakwama. Mwiba wa seng'enge ukashika kofia kwa juu. Mkono wa kulia, ambao ungeweza kurudisha kile kifungio kwa sekunde tatu, ulikuwa umebaki ng'ambo ya pili. Kwa hiyo nusu yangu ya mbele ilikuwa salama, na nusu ya nyuma ilikuwa chini ya mamlaka ya Sherifu.

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mimi nina kilo 64. Sheria imemfikiria ng'ombe wa jirani.

Teke la kwanza lilikuwa la kupima. La pili lilikuwa na uhakika. Kisha yakaja mate, na ninaposema mate msifikirie mate. Ni majani yaliyokwisha kwenda tumboni, yakakaa, yakatafakari, yakarudi. Ya kijani. Ya vuguvugu. Nikawa napiga kelele kwa Kiswahili, "Sherifu, ni mimi! Ni mimi, ndugu yangu!" Akatema tena.

Aliyefika kwanza alikuwa mchungaji mwenzangu, kijana wa Peru, mtu wa Huancayo, aliyekua na lama tangu utoto. Hakukimbia. Alikuja polepole akimsemesha Sherifu kwa sauti ya chini ya kubembeleza, akamwekea mkono shingoni, yule pandikizi akatulia. Nikafikiri sasa ananigeukia mimi. Akaketi kwenye nyasi akacheka mpaka akajishika mbavu. Alipopata pumzi akayashika manyoya ya kofia yangu kwa vidole viwili, akasema neno moja tu, la Kihispania, ambalo kwa bahati mbaya linafanana mno na la Kiingereza. "Coyote."

Mzee akaja na gari. Akashuka, akaniruka, akapiga goti upande wa kitanzi. Hakunitazama usoni. Alikagua kifungio, akapitisha kidole kwenye waya, akasoma kile kibati, na jina lilikuwa lake, kwa hiyo hakukuwa na ubishi wa umiliki.

"Kimeshika vizuri," akasema.

Kisha akatoa koleo, akakata. Nikamuuliza kwa nini asikilegeze tu. Akanionyesha: waya ukishabana mara moja unapinda, haurudi kuwa duara, hautegi tena. Kitanzi ni cha mnyama mmoja.

Mwisho wa mwezi nikafungua bahasha ya posho. Ndani kulikuwa na karatasi ya makato, imeandikwa kwa mwandiko wa mzee: chakula, simu, na chini kabisa, kitanzi kimoja, dola tatu. Pembeni kwenye mabano alikuwa ameongeza: "Manyoya yamebaki kwa mwenyewe."