Iringa hadi Mbeya kwa gari la umeme: hesabu uniti, usihesabu kilomita

"Chaji moja inafika wapi?" Kwa nyanda za juu kusini swali hilo linapotosha. Kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi zimekadiriwa kutokana na barabara uliyokwishapita; haziujui mlima ulio mbele. Uniti ndizo za kuaminika, na kila anayenunua LUKU anazijua.

Chukua Iringa–Mbeya, takribani kilomita 330. Gari la ukubwa wa kati likienda 80 hadi 90 kwa saa hula kama uniti 17 kwa kila kilomita 100, jumla 56. Mwenye betri ya uniti 60 anaingia Uyole, mlangoni mwa Mbeya, taa ya onyo ikiwa imewaka, wakati mimi nasema asilimia 15 isiguswe kamwe. Isitoshe, ugumu uko mwishoni. Kutoka Makambako barabara inashuka hadi bonde la Usangu, kisha baada ya Igurusi inapanda Inyala, mita kama 600 hadi Mbeya. Gari la tani mbili hutumia karibu uniti 0.6 za ziada kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo hapo ongeza 3.6. Mteremko hurudisha kiasi, maana gari likishuka mota hugeuka jenereta na kuchaji betri. Hesabu nusu tu ya kilichotumika kupanda. Kutambaa nyuma ya lori la mafuta kusikutie hofu, kwani kinachomaliza betri ni kasi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba Makambako, karibu nusu ya njia, ni pa kulala. Soketi ya gesti kwa ampia 10 hutoa kilowati 2.3, na baada ya kinachopotea njiani betri hupata kama uniti 2 kwa saa. Saa 10 za usiku ni uniti 20. Uliingia na 32, unaondoka na 52, na Mbeya unafika bado una kama 20.

Usiku huo huharibiwa na vitu vidogo. Kikubwa ni erthi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini: chaja ya kubebea isipoiona huwasha taa nyekundu na kugoma. Usiidanganye kwa kuunganisha waya kienyeji. Mwite fundi akague fimbo ya ardhini, au hamia gesti nyingine. Kwa hiyo piga simu mapema na uliza kabla hujaondoka Iringa. Ekstensheni iwe na waya wa milimita za mraba 2.5, na ikunjuliwe yote, maana ikibaki imeviringishwa hupata moto hadi kuyeyuka. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto, shusha hadi ampia 8 au 6.

Juni na Julai, panga chaji iishe alfajiri, karibu na muda wa kuondoka, ili betri isipoe. Betri baridi hupokea umeme kidogo kwenye mteremko. Iliyojaa kabisa nayo haipokei, kwa hiyo ukilala Tukuyu ukielekea Kyela, ishia asilimia 85.

Ukilala kwa shangazi, ulizia tarifu yake, yaani kundi la bei ya umeme. Kama ni ile ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, usiku wako mmoja unakula karibu theluthi, na zinazozidi hulipiwa bei kubwa. Mnunulie LUKU kabla hujachomeka.

Mwenye haraka atafute fezi tatu, umeme wa nyaya tatu unaoendesha mashine kubwa: mashine za mbao Mafinga, mashine za kusaga, karakana za kuchomelea. Plagi nyekundu ya pini tano, ampia 16, hutoa kilowati 11, lakini ni kwa lile gari tu linaloweza kupokea fezi tatu. Lenye fezi moja litapata 3.7.

Kwangu mimi, chaja ya haraka ya kwanza huku kusini istahili kuwekwa Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea inachepuka. Na isiwe ya kichwa kimoja, maana plagi za chaji ya haraka hutofautiana. Nissan Leaf za Japani zinatumia CHAdeMO, magari mengi ya soko la China GB/T, ya Ulaya CCS2. Ikiletwa ya CCS2 pekee, mwenye Leaf ataipita akaombe soketi gesti ileile.