Shangazi kaandikwa, bunduki haijaandikwa

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu alitoka Minova akaja kulala kwetu siku tatu. Hata kikapu cha maparachichi hakijatuliwa chini, chefu wa nyumba kumi yuko mlangoni na kaye yake, daftari la kuandika wageni. Jina la mgeni? Umri? Anatoka wapi? Kafuata nini? Atarudi lini? Mama wa watu ana miaka sabini na kitu, magoti yanamlilia, lakini alijibu yote kwa adabu. Mwisho akauliza: "Na meno yangu, mwanangu, hutaki kuyahesabu?" Chefu akacheka, akaandika, akaenda.

Usiku huohuo, saa nane hivi, risasi zikalia avenii ya nyuma.

Watu wa Goma hawana haja ya kuelezwa kinachofuata. Unashuka kitandani bila kuwasha taa, unajilaza chini, watoto unawavuta nyuma ya lile jiwe la volkano ambalo fundi alishindwa kulivunja, likabaki ndani ya chumba. Nyumba zetu ni za mbao. Mbao huzuia upepo, risasi hapana. Kisha mmoja anaanza kupiga sufuria, wa pili anaitikia, filimbi zinaingia, mpaka kartiye yote inalia kama harusi ya wendawazimu. Shangazi peke yake ndiye hakulala chini. Alibaki kaketi kitandani na rozari yake, anasema magoti yale yakishuka hayapandi tena.

Kulipokucha: telefone saba zimeenda, na kijana anayeuza unite za simu kwenye kona kapigwa risasi ya paja. Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Saa nne wakubwa wakaja na jipu wakasema yaleyale: wahalifu watasakwa, wananchi watoe taarifa. Taarifa! Sisi tuliopiga sufuria mpaka zikapinda, taarifa gani nyingine inatakiwa?

Hakuna aliyeuliza ile bunduki ilitoka ghala gani. Hilo ndilo swali langu, na nitalirudia mpaka mchoke.

Najua mtaniuliza: ijibu serikali ipi? Kwa mtu wa Goma ni swali la haki. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji uko chini ya waasi wa AFC/M23, na Kinshasa inatutawala kwa redio. Haidhuru. Ninawaandikia wote wawili, na yeyote atakayekuja baada yao, maana wote wanaugua ugonjwa mmoja: wanafukuza mkono, bunduki wanaiacha ipite.

Mei 2021 tuliletewa utawala wa kijeshi wa dharura. Gavana raia akaondoka, jenerali akaketi, raia tukafunguliwa milango ya mahakama ya kijeshi. Mnaikumbuka amani iliyofuata? Mimi pia siikumbuki. Machi 2024 Kinshasa ikatangaza kuwa adhabu ya kifo, iliyokuwa imelala tangu 2003, itaamshwa, kwa wasaliti na kwa majambazi wa mijini pia. Muulizeni Gédéon Kyungu, mkubwa wa waasi kule Katanga, ilivyomtisha: alihukumiwa kifo 2009, akatoroka gereza 2011, akajisalimisha 2016 kwa shangwe, akatoweka tena 2020. Na hapa, mahali ambapo mtu anaweza kufa akienda kuchota maji, mnataka kumtishia jambazi kwa kifo?

Nilipokuwa darasa la tano, kwenye parseli yetu alipanga askari mmoja. Mtu mzuri, ndiye aliyenifundisha dama. Bunduki yake ililala kwenye msumari, kando ya mwiko wa bugali. Mwezi ambao mshahara haukufika, na miezi hiyo ilikuwa mingi, bunduki ilitoka jioni bila mwenyewe. Alfajiri ilirudi, na mchana nyumbani kwake kukanukia nyama. Sisi watoto tulijua. Mama muuza makaa alijua. Kamanda wake ndiye hakujua, au tuseme hakutaka kujua, kwa kuwa hakuna mtu juu yake aliyewahi kumwambia: leta daftari, tuhesabu risasi. Alikwenda na thelathini, amerudi na ishirini na saba, tatu ziko wapi?

Tatu ziko kwenye paja la mtoto wa mtu.

Ongezeni sasa Januari 2025, mji unaanguka, askari wa serikali wanavua sare barabarani, bunduki zinabaki mitaroni na vyooni. Ongezeni vijana waliogawiwa silaha kabla ya hapo kwa jina la Wazalendo, wapigane na M23. Sibishani na uzalendo wao, wengine walikufa wakitukinga sisi. Ninauliza tu: aliyewapa, aliandika wapi?

Binamu yangu aliyepelekwa Australia kama mkimbizi ananiambia kule ukitaka bunduki unatoa sababu ya maana, unasubiri siku 28, na bunduki yenyewe inasajiliwa. Walifika hapo baada ya mtu mmoja kuua watu 35 Port Arthur, Aprili 1996, na serikali ikanunua bunduki zaidi ya 600,000 na kuziharibu. Anasema nasi tufanye hivyo. Kaka, tulijaribu! Katanga, baada ya vita, PAREC, shirika la mchungaji Ngoy Mulunda, iligawa baiskeli kwa anayeleta bunduki. Wazo lilinipendeza na bado linanipendeza, baiskeli angalau inabeba makaa. Lakini kununua bunduki huku ghala linavuja ni kuteka maji kwa pakacha. Unatoa baiskeli mlango wa mbele, wa nyuma mtu anagawa nyingine bila saini.

Kwa hiyo ninachodai ni kitu kidogo, hakina hata sura ya kupigiwa hotuba: kaye. Bunduki ikitoka ghalani, iandikwe namba yake, jina la aliyeichukua, saa, idadi ya risasi. Ikirudi, zihesabiwe mbele ya shahidi. Hesabu isipotimia, aanze kufungwa mwenye ufunguo, yule askari aliyeichukua afuate baadaye. Wala sijabuni mimi. Mkataba wa Afrika ya Kati kuhusu silaha ndogondogo ulipitishwa Kinshasa kwenyewe, Aprili 2010, ukaanza kufanya kazi Machi 2017, na unadai silaha ziwe na alama na rejista zishikwe. Unaitwa kwa jina la mji mkuu wetu! Na mshahara wa askari ufike tarehe yake, hilo sina haja ya kulieleza.

Mtasema chanzo ni njaa na vijana kukosa kazi. Haya, nakubali, shingo upande. Ila njaa yenye kisu naweza kuikimbia. Na ninyi mnaotaka kila baba apewe bunduki ajilinde: nimewaona majirani zangu siku ya mechi, wakiwa na chupa mbili tu. Hapana, asanteni.

Asubuhi ile mwanangu aliokota ganda la risasi karibu na choo. Kwenye kitako limechapwa tarakimu, zinasomeka bila shida. Siku ya tatu chefu aliporudi kuhakikisha kama mgeni anaondoka, nilimwekea mkononi. Akavaa miwani, akaligeuza juani, akafungua kaye, kalamu ikabaki hewani.

"Huku kuna fasi ya jina, umri, na fasi mtu anatoka," akasema. "Hii nitaiandika wapi?"

Shangazi alikuwa anafunga kikapu chake. Hakuinua hata kichwa.

"Iandike chini yangu, mwanangu. Tulifika siku moja."