Fomu Moja, Bando Zima

Jamani, hizi fremuweki, yaani msimbo uliokwisha andaliwa wa kutengenezea tovuti, zinachosha. Ami yangu hapa Langoni, Lamu, ana mashua ya kupeleka wageni kisiwa cha Manda Toto, akaniomba ukurasa wenye fomu: jina, tarehe, idadi ya watu. Basi. Nikafuata maelekezo rasmi ya fremuweki moja. Amri ya kwanza tu ikaanza kushusha vifurushi vya msimbo, mstari baada ya mstari, bando la wiki likaisha kabla sijaandika hata herufi. Nikafungua folda: maelfu ya mafaili, kwa fomu ya sehemu tatu!

Kisha likatokea kosa. Maandishi mekundu skrini nzima, na katika yote hayo hakuna mstari hata mmoja unaotaja faili nililoandika mimi. Nilikesha mpaka adhana ya alfajiri. Kumbe maelekezo yalikuwa ya toleo la zamani, na hakuna aliyeona haja ya kusema hivyo pale juu.

Tabia hii ya kubadilisha matoleo ni ya siku nyingi. AngularJS, fremuweki ya Google, ilitoka 2010, watu wakaizoea. 2016 ikaja Angular iliyoandikwa upya kabisa, ikabidi kuanza alifu. Anayejifunza kwa bando la kununua ndiye anayeumia, maana kila kuanza upya ni pesa.

Jana ami kaniuliza gatini, "Vipi mwanangu, tayari?" Nikamwonyesha ukurasa wa HTML tupu na PHP kidogo, bila fremuweki yoyote, nilioumaliza jioni moja. Ulifunguka hata kwenye simu yake kuukuu.