Kabla hamjatoa mrija, angalieni dayaframu

Juzi mgonjwa wetu alitolewa mrija wa kupumulia asubuhi, na usiku huo huo akarudishwa kwa ventileta, ile mashine inayompumulia mtu. Familia ilikuwa ishaanza kupigia watu simu kwamba mzee anapumua mwenyewe. Mimi ni nesi wa ICU hapa Nairobi na hiyo kitu imeniuma sana, kwa sababu mashine ya altrasaundi ilikuwa hapo hapo kwa korido na hakuna aliyeigusa.

Dayaframu ndio msuli unaobeba kazi kubwa ya kuvuta pumzi, na ventileta ikiifanyia kila kitu inakonda mbio. Utafiti mmoja wa 2008 ulikuta nyuzi zake zimekonda kwa watu waliokaa kwa mashine saa 18 hadi 69 tu bila msuli huo kufanya kazi. Sasa mtu aliyelala wiki mbili je?

Sisi tunahesabu pumzi kwa dakika, tunagawanya kwa lita za kila pumzi, ikikuja chini ya 105 tunasema haya, toa. Hiyo hesabu ni ya 1991 na sikatai inasaidia, lakini mgonjwa anaweza kuipita akivutia kwa misuli ya shingo na mbavu huku dayaframu imelegea, na wewe namba zinakupendeza tu. Altrasaundi inakuonyesha msuli wenyewe. Unaweka prob (kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) pembeni mwa kifua upande wa kulia, kati ya ubavu wa 8 na wa 10 hivi, wakati anajaribiwa kupumua mwenyewe (si wakati mashine bado inamsukumia hewa kwa presha kubwa), unapima unene akimaliza kuvuta na akimaliza kutoa. Ukiongezeka karibu asilimia 30 kwenda juu napata moyo, ukikaa chini ya 20 naomba tungoje. Ni dakika chache, hakuna miale, mgonjwa hatoki kitandani.

Sawa, kuna wanaoshindwa kupumua wenyewe kwa sababu ya moyo ama makohozi, na mkono usiozoea unapima vibaya.

Hiyo ya mkono inarekebishwa na mafunzo! Kuna watu wanauza shamba kulipia siku za ICU, jamani, na mrija ukirudishwa siku zinaongezeka na hatari ya nimonia pia. Manesi tufunzwe, tupime kila asubuhi mgonjwa akianza jaribio, tuandike kwa chati kando ya ile hesabu ya pumzi, daktari akija raundi aikute.